Mapatano na Kiuno

Miaka tisa waliniambia ni kawaida.
Nesi wa shule: kawaida.
Mama mkubwa, akichagua mchele: kawaida, ukizaa yataisha.
Msimamizi, akitazama saa: kila mwezi, Moraa?
Nikajifunza kuumwa kwa adabu,
kujikunja nyuma ya cherehani
kama kitambaa kilichokosa mnunuzi.

Kisha daktari Nekesa, ghorofa ya tatu, barabara ya Ngong,
akachora tumbo langu nyuma ya risiti.
Huu mfuko wa uzazi, akasema. Na huku nje
(vidoto vya kalamu, vingi, vingi)
utando unaofanana na wa ndani umejiotea
kama magugu kando ya reli, hayana aliyeyapanda.
Endometriosi.
Nikalitafuna jina hilo njia nzima hadi Kariobangi,
machozi yakinitoka, na siku hiyo sikuwa hata na maumivu.
Kitu chenye jina
hakiitwi tena uvivu.

Vidonge akanipa. Kisu, akasema, tutakizungumza.
Nikiwa mlangoni akaniuliza: unakula nini? Unatembea?
Nilimkasirikia. Nilidhani naye amejiunga na wale.
“Haviponyi,” akasema, “na sikuahidi kitu.
Wapo ambao huwapunguzia. Jaribu, uandike.”

Basi naandika. Daftari linaning'inia jikoni kwa uzi wa jinzi.
Jumatatu: ugali wa wimbi, mgagani, omena kwa nyanya.
Jumanne: ndengu zenye bizari. Usingizi wa saa sita.
Jumatano: harusi ya Bosibori. Nyama choma, soda mbili. Sijuti.
Alhamisi: nimejuta.

Alfajiri Marikiti, Mama Kavinya ananiongeza fungu la terere,
anadhani nina wageni.
Kibanda cha mandazi nakipita nimeinamisha kichwa
kama mtu anayedaiwa.

Na mwendo.
Wa kwanza ulikuwa hadi dukani kwa chumvi, na kurudi,
na kuketi kwenye ngazi nikihema.
Leo Jumamosi naizunguka Arboretum mara mbili,
chini ya miti yenye vibao vya majina.
Naisoma yote. Naipenda miti hiyo:
kuna mtu aliyejisumbua kuijua.
Jioni natandika leso sakafuni,
goti kifuani, pumua, goti la pili, pumua,
dada yangu Kemunto akichungulia:
“Unaabudu nini?”
“Nyonga,” namjibu. “Imekuwa na hasira, naibembeleza.”

Lakini nisidanganye.
Kuna mwezi nafuata yote, herufi kwa herufi,
na maumivu yanaingia vilevile, bila hodi,
kama mgeni mwenye ufunguo wake.
Terere imo tumboni, hatua elfu sita zimo miguuni,
nami nimo sakafuni na chupa ya maji moto,
nahesabu vigae.
Naandika: nane kwa kumi.
Daftari halinikaripii. Ndiyo maana nalipenda.

Na kuna mwezi naandika tatu.
Tatu! Nilishona sare kumi na nne za shule,
nikasahau kwamba nina kiuno.
Je, ni mgagani? Ni miti? Ni vidonge?
Ni bahati tu iliyopita mtaani kwetu?
Sijui. Nekesa naye hajui, na amekiri hivyo,
jambo ambalo kwa daktari nalihesabu kuwa heshima.

Jana usiku Nyanchera wa Kemunto, miaka kumi na minne,
alisimama mlangoni pa jikoni, mkono tumboni,
midomo mikavu.
“Mama mdogo,” akasema, “ni kawaida?”
Nikazima jiko.
Nikalitungua daftari, nikafunua ukurasa mweupe,
nikampa penseli.
“Nionyeshe ni wapi,” nikamwambia.
“Chora.”